Neno "kuoza" halifai katika fomu ya mgonjwa

Shangazi yangu hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni na kanisani, lakini kusoma anajua. Mwezi wa Aprili nilipofika nyumbani Mbita kumjulia hali, nilimkuta ameketi barazani na karatasi tatu mapajani, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, huku jicho moja likichunga omena zilizoanikwa juu ya neti uani, maana wingu zito lilikuwa limetanda upande wa Rusinga. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo si desturi yake. Alininyoshea karatasi ya pili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, na kuniambia kwa Kijaluo: "Wewe huko Nairobi wanakuita Daktari. Hebu nieleze, hawa madaktari wenzako wanataka kuniozeshea nini tumboni?"

Wasomaji wanaonifahamu wanajua kwamba udaktari wangu ni wa isimu. Sijawahi kumchoma mtu sindano, wala sitarajii. Lakini mstari ule aliouwekea kidole ulikuwa ndani ya taaluma yangu kabisa. Ulisema hivi: "Baada ya upasuaji, daktari anaweza kuweka ndani ya tumbo lako kizuizi cha jeli kinachooza ili kulinda viungo vinavyopona."

Niliusoma mara mbili. Sarufi yake haina kasoro. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa, kirejeshi kimekaa mahali pake, na mtahini mkali kiasi gani asingepata pa kupitisha kalamu nyekundu. Hata hivyo shangazi yangu, mama wa miaka sitini na mmoja aliyelea watoto sita kwa biashara ya omena, alikuwa ameusoma mstari huo na kuamua kwamba hatakwenda hospitali tena.

Ili msomaji aelewe hofu yake, sina budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1989 shangazi alijifungua mtoto wake wa mwisho kwa upasuaji. Mambo yalikwenda vyema, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwa na malalamiko ila maumivu ya hapa na pale ambayo aliyasingizia kuinama kwingi. Kisha mwaka 2011 tumbo likamvimba ghafla, akawa anatapika, haendi haja wala hatoi upepo. Alikimbizwa hospitali usiku, wakamfungua. Aliporejewa na fahamu aliambiwa maneno ambayo hajayasahau hadi leo: utumbo ulikuwa na kizuizi, na sehemu yake ilikwisha kuoza, ikabidi ikatwe.

Mwaka huu amegunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ovari. Si saratani, kwa mujibu wa vipimo, lakini ni mkubwa na sharti uondolewe. Ndipo akapewa fomu ile aende akaisome nyumbani na kuirudisha imetiwa sahihi. Na fomu ikamwahidi nini? Kizuizi. Tena kinachooza.

"Mwaka ule walinifungua kwa sababu ya kizuizi, wakakuta kimeoza," akaniambia. "Leo wanataka kunirudishia vyote viwili?"

Sikuwa na jibu la haraka. Niliomba chai kwanza.

Mvua ilianza kudondoka, tukaingiza omena ndani, nami nikapata muda wa kumpigia simu rafiki yangu mmoja aliye daktari wa upasuaji ili anieleze kitu chenyewe ni nini kabla sijaanza kubishana na jina lake. Nitajaribu kukieleza hapa jinsi nilivyomweleza shangazi jioni ile, kwa sababu naamini kuna akina mama wengi ambao watakutana nacho. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban watoto 9 katika kila 100 nchini Kenya walizaliwa kwa upasuaji. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 17. Kila tumbo linalofunguliwa mara moja laweza kuhitaji kufunguliwa tena.

Kwa ndani, tumbo la binadamu limetandikwa utando mwembamba unaoteleza. Utando huo ndio unaouwezesha utumbo, ambao ni mita kadhaa za bomba laini, kujisogeza na kujipindua mchana kutwa bila kukwaruzana na jirani zake. Kisu kikiukata, pamba ikiusugua, hewa ya chumba cha upasuaji ikiukausha, utando huo hupata majeraha. Mwili hujibu haraka: ndani ya saa chache majeraha yale hutoa nyuzinyuzi laini za fibrini, zile zile zinazogandisha damu kidole kinapokatwa. Nyuzi hizi hunata. Zikikutana sehemu mbili zenye majeraha, tuseme utumbo na ukuta wa tumbo, huziunganisha kama gundi.

Kwa kawaida mwili wenyewe huziyeyusha nyuzi hizo katika siku chache, na utando ukajitandika upya. Taabu huja mwili unapochelewa. Hapo chembe zinazojenga kovu huingia katika zile nyuzi, zikazigeuza kuwa kamba za kudumu, hata mishipa midogo ya damu ikapita humo. Shangazi alielewa jambo hili upesi kuliko mimi nilivyolielewa kwenye simu. Alisema ni kama neti mbili mbichi zilizotupwa pamoja mtumbwini zikaachwa juani: ukizirudia siku ya pili bado wazitenganisha, ukizirudia baada ya juma utachukua kisu.

Kisu, naam. Mikanda hiyo ya kovu ndiyo iliyoukaba utumbo wa shangazi mwaka 2011, miaka 22 baada ya upasuaji uliowaokoa yeye na mwanawe. Wala hakuwa na bahati mbaya ya pekee. Utafiti mmoja mkubwa wa Uskoti, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1999, uliwafuatilia kwa miaka 10 wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo au nyonga mwaka 1986. Zaidi ya theluthi moja yao walirudi hospitali, kwa wastani mara mbili kila mmoja, kwa matatizo yaliyosababishwa na mikanda hiyo au yaliyoweza kuhusiana nayo, au kwa upasuaji mwingine ambao mikanda ingeweza kuutatiza. Wanawake wengine hukosa watoto kwa sababu mirija ya uzazi imekunjwa na kukwamishwa. Na daktari anayelifungua tumbo la aina hii kwa mara ya pili au ya tatu hutumia muda mrefu akitenganisha kilichogandamana, akihofu kutoboa utumbo au kibofu.

Hapo ndipo jeli inapoingia. Wazo lake ni jepesi: ikiwa siku saba za mwanzo ndizo za hatari, basi sehemu zenye majeraha zitenganishwe kwa siku hizo saba, kisha kitenganishi kiondoke chenyewe, maana hakuna atakayekubali kufunguliwa tena ili kitolewe. Kitu hicho lazima kiwe laini kuliko utumbo wenyewe, kishike maji, kisichokoze mwili, na kijue wakati wa kuondoka. Mwaka 1934, huko New York, Karl Meyer na John Palmer waliitambua katika ute wa jicho la ng'ombe asidi inayoitwa hayaluroni, ambayo imo pia katika ngozi zetu na katika ute unaolainisha magoti. Mwaka 1960, Wacheki wawili, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walieleza jinsi ya kutengeneza jeli zenye maji mengi zinazoweza kukaa mwilini bila kuudhuru. Lenzi laini za macho ni matunda ya kazi hiyo. Mwaka 1996 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha karatasi nyembamba angavu, Seprafilm, iliyotengenezwa kwa asidi hiyo ya hayaluroni pamoja na selulosi iliyobadilishwa kikemia. Karatasi hiyo ikilazwa juu ya jeraha hugeuka kuwa jeli kati ya saa 24 na 48, hukaa pale yapata siku saba, na kufikia siku ya 28 huwa imetoka mwilini. Tangu wakati huo zimekuja jeli nyingine, za kumiminwa na za kunyunyizwa.

Nilipofika kwenye ute, shangazi alinikatiza. "Kama apoth," akasema. Apoth ni mboga yetu ya kuteleza, ile ambayo majirani zetu Waluhya huiita mrenda na ambayo mtoto wa Kijaluo huanza kuila kabla hajaota meno. Nikamwambia naam, kama apoth, ila hii imetengenezwa na watu wenye mizani na darubini. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kwa nini basi hawakuandika hivyo.

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Lazima nianze kwa kukiri. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa hapa Kenya, kulikuwa na haja kubwa ya kuwaeleza wananchi ni mifuko gani inayofaa na ipi isiyofaa. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioombwa kutafsiri kijitabu kimoja. Tulihitaji neno la vitu ambavyo udongo na vijidudu huvimaliza, nasi bila kusita tukaandika "vinavyooza". Lilikuwa chaguo zuri, na bado nalitetea. Kila mkulima anajua kwamba ganda la ndizi huoza na mfuko wa nailoni hauozi. Neno likaenea redioni, likaingia madarasani, na nadhani ndivyo lilivyomfikia mfasiri wa fomu ya shangazi. Alikutana na lile neno la kitaalamu la Kiingereza, akakumbuka mifuko, akaandika "kinachooza". Alitumia akiba ya msamiati ambayo mimi na wenzangu tuliiweka. Siwezi kumcheka.

Lakini tazama neno lenyewe linavyoishi vinywani mwa watu. Samaki huoza, na katika mji wa wavuvi hakuna hasara inayojulikana zaidi ya hiyo. Omena zikinyeshewa siku mbili mfululizo huoza, na karo ya mtoto imekwenda nazo. Jino huoza. Kidonda huoza, na kidonda kilichooza ndicho kinachomfanya mtu akatwe mguu. Kitenzi hiki kinabeba harufu, na kinabeba hasara. (Kuna kitenzi kingine cha sura ileile, kile cha baba kumwoza binti yake, na shangazi hakukosa kuniuliza kwa kicheko kama jeli yenyewe inakusudiwa kuolewa. Hicho ni cha ukoo mwingine, kimetokana na kuoa.) Mgonjwa anaposoma kwamba kitu kitaoza ndani ya tumbo lake, akili yake haiendi kwenye ganda la ndizi shambani. Inakwenda kwenye kidonda.

Wala si suala la kuchukiza masikio tu. Neno hilo katika mazingira haya si kweli. Kuoza ni kazi ya vijidudu: bakteria na kuvu hukila kitu mpaka kikaisha. Jeli ya upasuaji haiondoki kwa njia hiyo. Hulainika kwa maji ya mwili, sehemu yake huvunjwavunjwa na vimeng'enya vyetu wenyewe, na mabaki hupita katika damu na kutolewa na figo. Iwapo vijidudu wameingia mahali pale wakaanza kula, huo ni uambukizo, na ndio msiba ambao daktari hunawa mikono hadi kwenye kiwiko ili auepuke. Kwa hiyo fomu ile, pamoja na usahihi wake wote wa ngeli, ilikuwa inamwahidi mgonjwa jambo ambalo hospitali nzima inapigana lisitokee.

Na "kizuizi" je? Katika Kenya ya leo neno hili lina makao mawili yanayofahamika: barabarani, ambapo polisi huweka kizuizi ili magari yasipite, na wodini, ambapo utumbo wenye kizuizi haupitishi chakula. Mfasiri alitaka kusema kwamba jeli huzuia sehemu mbili zisigusane. Msomaji akaelewa kwamba jeli huzuia kitu kisipite. Ukimpa neno hili mtu aliyeponea chupuchupu kwa ajili ya utumbo kuziba, usishangae akiuficha mkono wake nyuma ya mgongo unapomletea kalamu.

Mwenzangu mmoja chuoni, ambaye namheshimu sana, aliniambia kwamba natia chumvi. Hoja yake ni kwamba istilahi ni istilahi: dhana moja ipewe jina moja, na watu watazoea. Kamati zetu za lugha, kuanzia ile ya mwaka 1930 iliyosanifisha Kiswahili hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, zimefanya kazi kwa kanuni hiyo, na faida yake ni kubwa. Nakubali. Lakini hapa dhana si moja. Wataalamu wenyewe wa upasuaji, katika Kiingereza chao, huvitofautisha vitu ambavyo mwili huvifyonza na vile ambavyo vijidudu huvimaliza udongoni. Sisi ndio tulioviweka katika kapu moja kwa sababu kapu lilikuwa karibu. Fauka ya hayo, mgonjwa hapewi muda wa kuzoea. Ana fomu moja, na pengine usiku mmoja wa kuifikiria.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno tayari lipo, nalo halikutungwa na kamati yoyote. Mwulize mama yeyote aliyeshonwa baada ya kujifungua. Atakuambia alishonwa kwa "uzi wa kuyeyuka", yaani ule usiohitaji kutolewa. Wauguzi walilitumia, akina mama wakalipokea, wakaambizana kliniki na visimani, na hakuna aliyeogopa. Uzi wa zamani wa aina hiyo ulitengenezwa kwa matumbo ya kondoo au ng'ombe, na siku hizi hutengenezwa zaidi viwandani. Wote huondoka mwilini kwa namna iliyo karibu sana na ile ya jeli. Aliyejifungua mara tatu anaijua dhana hii kuliko mfasiri mwenye shahada tatu.

Najua "kuyeyuka" nako kuna walakini wake. Barafu huyeyuka kwa joto, na samli huyeyuka kwa moto, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba jeli hungoja mgonjwa apate homa ndipo ifanye kazi. Ukiandika "kufyonzwa", neno ambalo hutumiwa kwa chakula kinapoingia mwilini kutoka katika utumbo, unakaribia ukweli zaidi. Mimi ningeandika yote mawili: jeli ya kutenganisha viungo, inayoyeyuka na kufyonzwa na mwili. Ni maneno tisa badala ya manne. Karatasi si ghali kiasi hicho. Na neno "jeli" liachwe lilivyo, maana watu wamelizoea, ingawa moyoni naona uzuri wa "ute", neno letu la tangu jadi ambalo lina ute wa yai na ute wa bamia. Sina ugomvi na neno la kigeni ambalo watu wamekwisha lipa uraia. Wala sina ugomvi na la kale likifaa: mwaka 2020, korona ilipotufunika nyuso, "barakoa", vazi la uso la wanawake wa pwani na Ghuba, lilitoka kabatini na katika miezi michache likawa linatamkwa Mbita kama lilivyotamkwa Mombasa.

Msije mkadhani kwamba natafuta maneno matamu ili kumlaghai mgonjwa akubali. La hasha. Neno tamu lisilo la kweli ni baya kuliko neno chungu. Mwaka 2001 jeli moja ya aina hii, Intergel, iliidhinishwa Marekani, na mwaka 2003 mtengenezaji wake akaiondoa sokoni baada ya taarifa za wagonjwa kupatwa na maumivu, na wengine kulazimika kufunguliwa tena. Hata zile zilizobaki zina masharti yake: Seprafilm, mathalan, ina onyo kwamba isizungushiwe mahali ambapo utumbo umekatwa na kuunganishwa, kwa kuwa panaweza kuvuja. Tena, kupunguza mikanda ya kovu hakumaanishi kuikomesha. Na kuna mambo yasiyo na gharama ambayo daktari mzuri huyafanya kwanza, jeli iwepo isiwepo: kuvishika viungo kwa upole, kuvilowesha visikauke, kuosha damu iliyomwagika, na kutumia glavu zisizo na unga. Unga ule wa glavu uliwahi kuachwa matumboni mwa wagonjwa kwa miaka mingi na kuchangia kovu hizo hizo, hata Marekani ikazipiga marufuku glavu zenye unga Januari 2017. Mgonjwa ana haki ya kuuliza haya yote. Lakini atauliza vipi ikiwa neno la kwanza alilokutana nalo limemfungia mlango?

Sheria iko upande wake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, kila inapowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Wengi wamelichukulia sharti hilo kuwa limetimizwa pindi fomu inapotafsiriwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kiswahili cha fomu ile ni lugha ambayo shangazi anaielewa kila neno, na uelewa huo ndio uliomwogofya. Mfasiri aliandika akiwa na kamusi mezani; laiti angeketi nusu saa kwenye benchi la wagonjwa na kuwasomea alichokiandika, angeisikia hofu yenyewe. Hili ni jambo la kawaida kwa watengenezaji wa sabuni, ambao hawatoi tangazo kabla ya kulijaribu kwa wanunuzi. Sioni kwa nini tumbo la mwanamke listahili uangalifu mdogo kuliko sabuni.

Siku iliyofuata tulivuka ziwa kwa feri hadi Luanda Kotieno, tukapanda gari hadi hospitali, ambayo sitaitaja kwa kuwa nilitendewa kwa heshima hapo na sitaki ionekane kwamba naishtaki. Daktari alikuwa kijana, umri wa watoto wa shangazi. Alimwita Mama, akavuta kiti, akaketi. Alipoelezwa tatizo la fomu alishtuka kwa dhati. Alisema yeye hujaza ya Kiingereza na hakuwahi kuisoma ile ya Kiswahili.

Shangazi alikuwa na maswali mawili aliyoyapanga usiku. La kwanza: "Ikishayeyuka, inakwenda wapi?" Kijana akajibu kwamba huingia katika damu kidogo kidogo, ikafika kwenye figo, na mwisho wake ni mkojo, baada ya mwezi mmoja haipo tena. La pili: "Na nikisema siitaki, utanifungua hata hivyo?" Akajibu kwamba atamfungua, na kwa uangalifu uleule; kwamba jeli ni msaada na si sharti; kwamba hata akikubali, huenda asiitumie, itategemea atakachokikuta ndani; na kwamba ikibidi akate utumbo na kuuunganisha, hataiweka mahali pale. Aliyasema hayo taratibu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo, akitumia kiganja kimoja kama utumbo na kingine kama ukuta wa tumbo, na kati yake leso ya karatasi. Hakulitaja neno kuoza wala neno kizuizi. Hakuyahitaji.

Shangazi akaomba kalamu. Kabla hajaandika akasita tena juu ya ule mstari, akamtazama sista aliyekuwa amesimama kando. Sista alisema hawezi kuukata, kwa sababu fomu ni za hospitali nzima na huchapishwa kwingine, ila akatoa penseli mfukoni na kuandika juu ya lile neno, kwa herufi ndogo, "inayoyeyuka". Upatanisho wa ngeli ukawa umevunjika, maana kizuizi ni ki-vi. Sikusema kitu. Shangazi akaandika majina yake yote matatu, polepole, kama anavyoandika katika daftari la chama chao.

Alifanyiwa upasuaji juma lililofuata. Uvimbe uliondolewa, mikanda ya zamani ikatenganishwa kwa muda wa zaidi ya saa moja, na jeli ikawekwa. Nilipompigia simu juzi alikuwa amekatazwa kuinua ndoo lakini hakukatazwa kugeuza omena, akanikata maneno kwa sababu wingu lilikuwa limetanda tena.

Siku ile tulipokuwa tunaondoka hospitalini nilipita mezani na kuchukua nakala nyingine kutoka kwenye lundo la fomu zinazongojea wagonjwa. Mstari ulikuwa vilevile. Nimewaandikia wahusika, nikaambatisha sentensi ninayoipendekeza, na ninangoja jibu.